Konferensi za Vyuo vya Marekani na Kipimo Kibovu cha Kuchagua Wanachama

Agosti 4, 2023, kati ya asubuhi na usiku, konferensi ya michezo ya vyuo iitwayo Pac-12 ilipoteza wanachama watano. Oregon na Washington vilihamia Big Ten, yenye chimbuko lake katika majimbo ya Maziwa Makuu ya Marekani. Arizona, Arizona State na Utah vikaingia Big 12. Colorado ilikuwa imetangulia kuaga wiki moja nyuma, na vyuo viwili vikubwa vya Los Angeles, USC na UCLA, vilikuwa vimetangaza kuondoka tangu Juni 30, 2022. Vikabaki vyuo vinne. Haikupita muda, Stanford na California kilichoko Berkeley vikapokewa na ACC, konferensi ya vyuo vya pwani ya Atlantiki, upande wa pili wa bara. Oregon State na Washington State vikaachwa viwili, na mikononi mwao jina la konferensi inayohesabu historia yake tangu 1915.

Washington State si jina geni kwa wapenzi wa riadha wa Afrika Mashariki. Chuo hicho kiko Pullman, mji mdogo katikati ya mashamba ya ngano mashariki mwa jimbo la Washington, na ndiko kocha John Chaplin alikowakusanya wakimbiaji wa Kenya miaka ya 1970. Samson Kimobwa alivunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 1977 akiwa mwanafunzi wa hapo. Mwaka uliofuata Henry Rono akafanya jambo ambalo hakuna aliyelirudia: ndani ya siku 81 alivunja rekodi nne za dunia, za mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Mbili za mwisho aliziweka Vienna na Oslo. Ya kwanza aliiweka Berkeley na ya pili Seattle, yaani nyumbani kwa vyuo viwili vilivyokuwa wapinzani wa Washington State katika konferensi ileile. Kijana kutoka Nandi hakuhitaji kuvuka bahari tena ili akutane na ushindani wa kumtoa jasho. Ulikuwa kwenye ratiba yake ya kawaida ya majira ya kuchipua, kwa majirani. Rono alifariki Februari 2024, miezi michache kabla ratiba hiyo haijafutika rasmi.

Hoja yangu ni hii. Konferensi inapopima chuo kinachotaka kuingia, swali la kwanza linapaswa kuwa kama chuo hicho kitakaa, na la pili kama kina majirani ndani yake. Thamani yake mbele ya televisheni ifuate baadaye. Kwa miaka kumi na mitano hivi vyuo vya Marekani vimepanga maswali hayo kinyume, vikitanguliza televisheni na kuyaacha mengine yajijibu yenyewe. Matokeo ni konferensi zenye fedha nyingi kwenye makaratasi na vifungo dhaifu vya kuwaweka wanachama pamoja. Wanaolipa gharama yake ni wanamichezo wasiocheza futiboli ya Kimarekani, wakiwamo wakimbiaji wetu.

Kwa msomaji ambaye hafuatilii mambo haya, konferensi ni muungano wa vyuo unaopanga ratiba, kusimamia ubingwa wake wa kila mchezo, na zaidi ya yote kuuza kwa pamoja haki za matangazo na kugawana mapato. Chuo hakipandi daraja wala kushuka kwa matokeo ya uwanjani kama klabu za Ligi Kuu ya Tanzania au Kenya. Kinaingia kwa kualikwa na wenzake, kwa kura ya marais wa vyuo. Ndiyo maana suala la nani aalikwe lina uzito mkubwa kuliko ubingwa wowote: timu inaweza kushinda kila kitu kwa misimu mitatu na bado ikabaki nje, na nyingine ikafungwa kila Jumamosi huku ikipokea mgawo kamili.

Kipimo cha televisheni chenyewe hakijawahi kutulia. Big Ten ilipozialika Maryland na Rutgers mwaka 2012, zikaanza kucheza humo mwaka 2014, haikuwa kwa ubora wa timu zao za futiboli. Big Ten ilikuwa na chaneli yake tangu 2007, na kampuni za kebo zililipa kwa kila nyumba iliyounganishwa, hasa nyumba zilizomo ndani ya jimbo lenye chuo mwanachama. Rutgers iko New Jersey, pembeni mwa jiji la New York. Maryland iko pembeni mwa Washington, D.C. Mamilioni ya nyumba yaliingizwa kwenye hesabu, wenyeji wake wawe wanatazama futiboli ya vyuo au hawatazami. Kwa wakati wake hesabu hiyo ilikuwa sahihi. Kisha watu wakaanza kukata kebo na kuhamia kwenye intaneti, na nyumba isiyolipia kebo haina faida kwa chaneli hata ikiwa mita mia moja kutoka uwanjani. Kuanzia hapo kampuni za matangazo zikauliza jambo jingine: ni timu gani inayowafanya watu wa majimbo yote wawashe runinga? Chuo kilichoingia kwa sababu ya ukubwa wa mji wake kikajikuta kinapimwa kwa jina lake, na kilichoachwa kwa sababu ya udogo wa mji kikaonekana kilidhulumiwa. Mkataba wa uanachama unakusudiwa kudumu vizazi. Kipimo kilichotumika kuuandika hakikudumu hata muongo mmoja.

Pac-12 yenyewe iliumizwa na hesabu za namna hiyo. Mwaka 2010 ilijaribu kuinyang'anya Big 12 vyuo vya Texas na Oklahoma ili iwe na wanachama kumi na sita, ikaambulia Colorado na kisha Utah. Mwaka 2012 ikaanzisha chaneli zake yenyewe bila kushirikiana na kampuni kubwa ya matangazo, na hazikuwahi kuingia kwenye visimbuzi vya DirecTV. Mwaka 2022 Big Ten ilisaini mkataba wa miaka saba wenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 7 na Fox, CBS na NBC, na Big 12 ikaongeza mkataba wake na ESPN na Fox kwa wastani wa dola milioni 31.7 kwa kila chuo kwa mwaka. Pac-12 ikabaki mezani na ofa ya Apple iliyotegemea idadi ya watu watakaojiandikisha. Wanachama wakatazama pembeni, wakaondoka. Lakini watu wengi wanapoisimulia habari hii huishia kwenye uzembe wa viongozi, nami naona hilo ni nusu tu ya ukweli. Uongozi bora ungepata mkataba bora. Usingefuta ukweli kwamba USC na UCLA zilikuwa na mlango wa kutokea uliokuwa wazi siku zote, kwa sababu ndizo zilizokuwa na thamani kubwa zaidi sokoni.

Hapo ndipo kipimo cha televisheni kinapojipinga chenyewe. Chuo chenye thamani kubwa kuliko wenzake ndicho chenye sababu kubwa kuliko wenzake ya kuondoka. Texas na Oklahoma ndizo zilizokuwa nguzo za Big 12. Mwaka 2021 zikatangaza kwenda konferensi ya SEC, zikaingia Julai 2024. Florida State na Clemson ndizo majina makubwa ya futiboli katika ACC. Zote mbili ziliishtaki konferensi yao mahakamani ili zipate kujua bei ya kujitoa, ingawa zilikuwa zimesaini kuikabidhi haki zao za matangazo hadi 2036. Mwezi Machi 2025 wakapatana: sehemu kubwa ya fedha za matangazo igawanywe kwa kufuata idadi ya watazamaji, na ada ya kujitoa ishuke mwaka hadi mwaka mpaka ifike dola milioni 75 katika msimu wa 2030 hadi 2031. Maana yake ni kwamba konferensi imewalipa wakubwa ili wabaki, na papo hapo imewawekea tarehe ambayo itakuwa rahisi kuondoka. Ukijaza konferensi yako vyuo vya namna hiyo, umekusanya wageni wenye mizigo iliyofungwa tayari.

Historia ilishatoa onyo, tena mapema, na katika konferensi ambayo Watanzania wana sababu ya kuikumbuka. Suleiman Nyambui, mshindi wa medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow ya 1980, alisoma Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, UTEP, na huko akatwaa mataji ya taifa ya vyuo. UTEP ilikuwa mwanachama wa WAC, konferensi ya milimani na majangwani. Mwaka 1996 WAC ilijipanua kwa kishindo. Iliwaingiza wanachama sita kwa mpigo, wakiwamo Rice kutoka Houston na SMU na TCU kutoka Dallas na Fort Worth, ikafika vyuo kumi na sita kuanzia Hawaii hadi Tulsa katika jimbo la Oklahoma. Miji mikubwa ya Texas ndiyo iliyokuwa chambo. Ili kupanga ratiba ikabidi vyuo vigawanywe kwenye makundi manne yaliyobadilishana wapinzani, na baadhi ya mahasimu wa miaka mingi wakaacha kukutana kila mwaka. Mwaka 1998 marais wa vyuo vitano, Air Force, BYU, Colorado State, Utah na Wyoming, walikutana katika uwanja wa ndege wa Denver na kukubaliana kutoka. Vikaungana na vitatu vingine, na mwaka 1999 konferensi ya Mountain West ikaanza. Upanuzi mkubwa kuliko wote wa zama zile ulidumu misimu mitatu. Vilivyojitenga havikukimbilia fedha peke yake. Vilirudi kwa watu vilivyowazoea. UTEP iliachwa nyuma, ikahama mwaka 2005, na sasa, kuanzia Julai 2026, inaingia Mountain West, konferensi iliyoanzishwa na wale walioiacha. Vyuo viwili vilivyowafungulia mlango mkubwa kabisa wakimbiaji wetu wa miaka ya 1970 vimeachwa vyote viwili, kimoja na upanuzi wa 1996, kingine na upanuzi wa 2023.

Pingamizi zito kuliko yote kwa hoja yangu ni Big 12. Mtu atasema: Texas na Oklahoma zilipotangaza kuondoka mwaka 2021, Big 12 ilijipanua haraka, ikapona, ilhali Pac-12 mwezi Agosti mwaka huohuo ilitangaza kwamba haitaongeza mwanachama, ikafa. Kwa hiyo anayesita kuchagua huzikwa. Ukweli wa tukio siupingi. Nawatazama tu waliochaguliwa. Mwaka 2016 Big 12 ilikuwa imeendesha usaili wa wazi ambao haujawahi kuonekana tena katika michezo ya vyuo. Vyuo kumi na kimoja vilifika hatua ya mwisho: Air Force, BYU, UCF, Cincinnati, Colorado State, UConn, Houston, Rice, SMU, South Florida na Tulane. Vilitoa maelezo, na wanasiasa wakavitetea. Oktoba 17, 2016 konferensi ikatangaza kwamba haitamchukua yeyote. Hakuna aliyeongeza thamani ya kutosha mbele ya televisheni, ndiyo sababu iliyoeleweka na wote. Miaka mitano baadaye, nguzo zake mbili zilipong'oka, iliwarudia walewale na kuwachukua wanne: BYU, UCF, Cincinnati na Houston.

Thamani ya sokoni ya vyuo hivyo vinne haikuwa imegeuka miujiza kati ya 2016 na 2021. Kilichobadilika ni mpimaji. Baada ya kukimbiwa, Big 12 ilitafuta vyuo ambavyo vingeona uanachama kuwa daraja la juu kabisa la safari yao, visingekuwa na pengine pazuri zaidi pa kwenda. Vilevile ilipata majirani. West Virginia, iliyokuwa mpweke tangu ilipoingia 2012, ilipata Cincinnati. Houston ilikaa na TCU, Baylor na Texas Tech katika jimbo moja. Na BYU, kufikia 2024, ilikuwa tena pamoja na hasimu wake wa jadi, Utah, umbali wa chini ya saa moja kwa gari. UCF pekee ndiyo iliyobaki pembeni, Florida. Kwa hiyo mfano unaotajwa kama ushindi wa upanuzi wa kitelevisheni ni ushindi wa upanuzi wa wenye nia ya kukaa. Kati ya wale kumi na kimoja waliokataliwa 2016, SMU nayo imeingia ACC kwa kukubali kutochukua mgawo wa fedha za matangazo kwa miaka tisa, na Colorado State inaingia Pac-12 mpya. Sita kati ya kumi na moja wameonekana kufaa ndani ya muongo mmoja. Usaili ule ulikosea, na ulikosea kwa sababu ya swali ulilouliza.

Pingamizi la pili ni la fedha, na ni la haki. Futiboli ya Kimarekani, ikisaidiwa na mpira wa kikapu wa wanaume, ndiyo inayolipa ufadhili wa masomo wa mkimbiaji, tiketi ya ndege ya muogeleaji na mshahara wa kocha wa mpira wa wavu. Ukipunguza mapato ya televisheni, watasema, wa kwanza kukatwa ni hao unaodai kuwatetea. Washington State inaonekana kuwathibitisha. Juni 2025 chuo hicho kilitangaza kwamba timu yake ya riadha itajikita kwenye mbio ndefu. Michezo ya kuruka na kurusha ikaondolewa, na nafasi za mbio fupi na viunzi zikapunguzwa. Mwezi huohuo jaji Claudia Wilken alikuwa ameidhinisha mapatano ya kesi iitwayo House, yanayoruhusu kila chuo kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Fedha hizo zinapaswa kutoka mahali, na chuo kisicho na mkataba mnono kinazitoa kwenye michezo isiyoingiza kitu.

Lakini tuulize kwa nini Washington State haina mkataba mnono. Haikushuka kiwango, wala watu wake hawakuacha kwenda uwanjani. Ilipoteza mapato kwa sababu majirani zake waliondoka, na thamani yake ilikuwa imefungwa kwenye kucheza nao. Mechi yake na Washington, hasimu wake tangu 1900, ilikuwa na maana kwa jimbo zima. Dola haikuwa ndani ya Pullman peke yake wala ndani ya Seattle peke yake. Ilikuwa katikati yao. Hili ndilo jambo ambalo jedwali la kampuni ya televisheni haliwezi kulionyesha, kwa sababu linapanga vyuo kimoja kimoja, kila kimoja na namba yake, kana kwamba mechi huchezwa na timu moja. Na huko kwenye fedha nyingi, je, michezo midogo imeneemeka? Stanford, chuo chenye mataji ya taifa ya timu zaidi ya 130, kuliko chuo kingine chochote, kiliingia ACC kwa takriban asilimia 30 tu ya mgawo wa kawaida kwa miaka ya mwanzo. Oregon na Washington nazo ziliingia Big Ten kwa mgawo uliopunguzwa, huku safari zao zikirefuka tangu siku ya kwanza. Mwanachama anayelipwa nusu na kusafiri mara mbili hajapata ule utajiri aliohubiriwa.

Kuhusu umbali, wapo wanaosema ndege zimeumaliza. Timu ya futiboli, ndiyo: hucheza mechi kumi na mbili hivi kwa msimu, nyingi Jumamosi, karibu nusu nyumbani, na husafiri kwa ndege ya kukodi. Mpira wa wavu wa wanawake, softiboli, soka na besiboli vina ratiba nzito kuliko hiyo, na mara nyingi katikati ya wiki ya masomo. Kutoka Rutgers hadi Los Angeles ni karibu kilomita 3,900, zaidi ya Nairobi hadi Kairo. Kutoka Berkeley hadi Boston ni zaidi ya kilomita 4,000, na saa tatu za tofauti ya muda juu yake. Lazima niseme pia kwamba kwa riadha yenyewe ratiba hairefuki kiasi hicho, kwa kuwa mashindano mengi ya mbio ni ya mialiko, na timu hukutana na konferensi yake yote mara chache tu kwa mwaka. Kinachoiumiza riadha ni bajeti inayomezwa na safari za wengine, pamoja na kupotea kwa ule ushindani wa karibu. Miaka ya 2013 na 2014, Edward Cheserek wa Oregon na Lawi Lalang wa Arizona, Wakenya wawili, walikuwa konferensi moja, na upinzani wao uliinua mbio za vyuo vyote. Leo Oregon iko Big Ten na Arizona iko Big 12. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na mpinzani wa mbali hamnoi mkimbiaji kila wiki.

Njia ya kutoka ipo, na imeshajaribiwa. Futiboli itenganishwe na michezo mingine. Tangu 2013 Notre Dame inacheza michezo yake mingi ndani ya ACC huku futiboli yake ikijitegemea, na hakuna upande uliovunjika. Northern Illinois inapeleka futiboli yake Mountain West, ilhali michezo yake mingi inabaki na vyuo vya jirani katika Horizon League. Magharibi kuna MPSF, shirikisho lililoanzishwa 1992 hasa kwa michezo ambayo konferensi kubwa haziisimamii. Stanford, USC na UCLA, ambazo sasa zimetawanyika katika konferensi mbili za mbali, bado hukutana humo kwenye mpira wa wavu wa wanaume na polo ya majini. Ikiwa muundo wa jirani kwa jirani unafaa kwa polo ya majini, sioni kwa nini usifae kwa softiboli na mbio za nyika.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote ni UConn. Mwaka 2020 chuo hicho kilifanya lile ambalo washauri wa televisheni wangekikataza. Kilijitoa American, konferensi iliyotawanyika kutoka Pennsylvania hadi Texas, kikalipa dola milioni 17, kikarudi Big East kwa mahasimu wake wa zamani wa kikapu kama Villanova, Georgetown na Providence, na kuiacha futiboli yake bila konferensi. Wapo waliosema kimejizika. Wanaume wake walitwaa ubingwa wa taifa wa kikapu 2023 na tena 2024. Wanawake wake wakautwaa 2025. Siwezi kudai kwamba kuhama ndiko kulikoleta makombe, maana makocha na wachezaji ndio waliocheza. Ila yeyote anayeshikilia kwamba kuchagua majirani ni kuchagua kudidimia ana kazi ya kuieleza UConn.

Sasa tuipime Pac-12 mpya kwa kipimo hiki. Septemba 2024 Oregon State na Washington State ziliwaalika Boise State, Colorado State, Fresno State na San Diego State, kisha Utah State. Oktoba ikaongezwa Gonzaga, chuo kisicho na futiboli kabisa lakini chenye timu ya kikapu inayojulikana nchi nzima, tena kilichoko Spokane, kiasi cha kilomita 120 kutoka Pullman. Juni 30, 2025 ikaingia Texas State, ili kutimiza idadi ya vyuo vinane vya futiboli ambayo NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, inaitaka. Konferensi hiyo inaanza Julai 1, 2026, CBS ikiwa mtangazaji wake mkuu hadi msimu wa 2030 hadi 2031. Naona uchaguzi huu, kwa sehemu kubwa, ni mzuri kuliko wowote uliofanywa na konferensi kubwa tangu 2010. Gonzaga na Utah State ndizo chaguo bora: zina sababu ya kukaa, na zinaleta ujirani. Fresno na San Diego zinairudisha California. Boise State ndiyo yenye jina kubwa zaidi katika futiboli, ilifika mchujo wa taifa wa timu kumi na mbili mwaka 2024, na kwa sababu hiyohiyo ndiyo ya kuangaliwa: mlango ukifunguliwa kwingine, itakuwa ya kwanza kuitwa. Texas State ni kurudia kosa la WAC. Iko San Marcos, kati ya Austin na San Antonio, zaidi ya kilomita 2,400 kutoka Pullman, na haina mwanachama mwenzake hata mmoja katika Texas. Ilichaguliwa kwa sababu ya soko la jimbo lake, na kwa sababu Memphis, Tulane, South Florida na UTSA zilikuwa zimekataa mwaliko. Kama Pac-12 itahitaji wengine, na ianze na Nevada na UNLV, zilizo katikati ya ramani yake, kabla ya kwenda tena mbali namna hiyo. Kama ni lazima iende mbali kwa ajili ya futiboli, na ichukue futiboli peke yake.

Muda si mrefu. Mkataba wa Big Ten unakwisha 2030. Wa Big 12 na wa Pac-12 mwaka unaofuata, wakati uleule ada ya kujitoa ACC itakapokuwa imeshuka. Kinyang'anyiro kingine kitaanza hapo, na pengine kabla. Kijana wa Iten au wa Mbulu atakayesaini kwenda chuo cha Marekani mwaka 2027 kwa masomo ya miaka minne atakuwa bado darasani siku hiyo. Nawasihi makocha na wazazi wanaowaandaa vijana hao wasiishie kuuliza ufadhili ni asilimia ngapi. Muulizeni kocha anayemtaka mtoto wenu: chuo chake kiko konferensi gani leo, mkataba wake unakwisha lini, safari za timu ya mbio zinalipwa na fungu gani, na futiboli ikihama, timu ya mbio itahama nayo au itabaki? Majibu hayo yaandikwe kabla ya saini.